Wafundisheni watoto wetu uzee wa mtu asiye na mshahara

Mhariri,

Naandika kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, kuhusu somo ambalo nimefurahi kuliona likiingia shuleni na ambalo nahofia litawapita kando watoto wetu. Ni somo la kuweka akiba na kujiandaa kwa uzee.

Mwanangu yuko Gredi ya 8. Muhula uliopita alikuja nyumbani na zoezi la hesabu kuhusu kustaafu. Palikuwa na mfanyakazi anayelipwa Sh40,000 kwa mwezi. Asilimia 6 ya mshahara wake inakatwa na kupelekwa katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mwanafunzi atafute jumla ya akiba ya mwaka mmoja. Mtoto alipata: Sh2,400 mara mbili, mara 12, ni Sh57,600. Mwalimu alimpa alama zote. Alipomaliza kunionyesha akaniuliza, "Mama, na mwajiri wa baba ni nani?"

Baba yake ni nahodha wa mashua ya uvuvi. Hana mwajiri. Hakatwi chochote wala haongezewi chochote, na hakuna mahali palipoandikwa tarehe yake ya kustaafu. Katika darasa la mwanangu, ukiwatoa watoto wa walimu, wa askari na wa muuguzi, wazazi waliobaki wote ni kama baba yake: wavuvi, mafundi wa mashua, wachuuzi wa samaki, washona kofia, wapika mahamri, waendesha boti na bodaboda. Na hili si la Lamu peke yake. Takwimu za serikali mwaka baada ya mwaka zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini iko katika sekta isiyo rasmi. Zoezi lile basi limetungwa kwa ajili ya mtoto mmoja katika kila watano. Wale wanne wanaachwa waamini kwamba kujiandaa kwa uzee ni jambo la watu wa ofisini.

Simlaumu mwalimu. Yeye ameajiriwa na serikali, anajua atastaafu akifika miaka 60, na anafundisha maisha anayoyajua. Lakini nasema kwa moyo wangu wote kwamba somo hili, likiendelea kuanzia kwenye karatasi ya mshahara, halitamfaa mtoto wa Kizingitini, wa Faza, wa Kiwayu wala wa Matondoni. Lianzie pale anapopata pesa mtu asiye na mshahara.

Mimi ni karani wa mizani katika banda la samaki. Kazi yangu ni kupima, kuandika na kumwita mtu atie sahihi. Kamba, pweza, changu, tafi, nguru, wote hupita mbele yangu kabla ya kwenda kwa tajiri. Kwa wasomaji wa bara, tajiri ni mfanyabiashara anayenunua samaki wetu; ndiye anayemkopesha mvuvi mafuta na barafu, na bahari ikichafuka ndiye anayemkopesha hata unga. Yote hayo yanaandikwa katika daftari, na mtu akitaka kujua kipato cha mvuvi kinafananaje, hana haja ya kwenda mbali.

Fungua ukurasa wa Januari. Kaskazi inavuma, maji ni safi, mpiga mbizi anaona mpaka chini. Mistari imejaa, jina moja linarudi karibu kila siku, na kilo moja ya kamba inapita shilingi elfu moja. Sasa fungua Juni. Upepo wa kusi umeshika, maji yamevurugika, mashua zimefungwa. Jina lile lile unaliona mara mbili tatu mwezi mzima, na mbele yake pameandikwa deni. Kaskazi ikirudi, pesa za kwanza zinalipa unga wa kusi. Mtoto aliyefundishwa kwamba akiba ni sehemu ya mshahara wa kila mwezi akiuona ukurasa huu wa Juni atasema mtu huyu hawezi kuweka akiba kabisa. Na akikosea hivyo atakuwa amekosea kwa miaka yake yote ya kazi.

Kuna jambo la pili ambalo zoezi lile halikuligusa, nalo ni umri. Hapa kwetu kamba wengi wanatolewa na vijana wanaozama kwa pumzi zao wenyewe. Kijana anavaa miwani ya maji, mkononi ana pweza hai. Anamwingiza pweza kwenye pango la mwamba; kamba akimwona adui yake anatoka mbio, na kijana anamkamata. Wanaanza wakiwa na miaka 16 au 17, na asubuhi moja wanashuka na kupanda mara nyingi mno. Niliowaona mimi wakiiacha kazi hiyo, wengi waliiacha kabla ya kufika miaka 50. Masikio yanauma, kisha yanaziba. Pumzi inakuwa fupi.

Ami yangu alikuwa miongoni mwao. Ni ndugu mdogo wa marehemu baba, na ndiye aliyenilipia karo. Alitoka majini akiwa na miaka 47, sasa ana 62. Ukitaka akusikie sharti usimame mbele yake aone midomo yako. Anashona nyavu za watu barazani kwake na kulipwa kwa kipande. Nataka ieleweke kwamba ami yangu hakuwa mpotevu. Alipokuwa na nguvu alimjengea mama yake nyumba, akawaoza dada zake, akatusomesha watoto wa nduguye. Kila mwaka aliweka pesa za kusi, za Ramadhani na za arusi, na zikatimia. Akiba ya mwaka aliijua vizuri kuliko watu wengi wa benki. Akiba ya miaka thelathini hakuna aliyewahi kumtajia, si chuoni kwa maalimu wa madrasa, si shuleni, si bandarini.

Serikali ina mpango wa Inua Jamii, ambao humpa mzee aliyeandikishwa wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Wazee wanaozipata wanazishukuru, nami nazishukuru kwa niaba yao. Ukizigawa kwa siku 30 ni kama Sh66 kwa siku. Lakini kati ya siku ami yangu aliyotoka majini na siku atakayotimiza miaka 70 kuna miaka 23. Miaka hiyo haimo katika kitabu cha mwanangu. Kitabu kina mtu anayefanya kazi mpaka 60 na siku ya pili anaanza kulipwa. Ningependa mtoto wa hapa aanze kwa kujiuliza: kazi ninayoitaka mimi, mwili wangu utaiweza mpaka lini? Mpiga mbizi ajibu lake, fundi wa mashua lake, mchukuzi wa gatini lake. Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 yenyewe imeweka umri wa kustaafu kuwa 60 na ikaruhusu mtu kustaafu mapema kuanzia 50, kwa hiyo hata sheria inajua kwamba watu hawachoki siku moja.

Nilimwendea mwalimu wa mwanangu kumweleza haya. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akanialika darasani nije na daftari. Nilikwenda na daftari la mwaka uliotangulia. Majina niliyafunika kwa vipande vya karatasi na gundi, nikaacha tarehe, kilo, pesa na deni. Watoto waligawanyika makundi, kila kundi likapewa mvuvi mmoja asiye na jina, wajumlishe mapato yake kuanzia Novemba mpaka Oktoba.

Kundi moja lilipata Sh312,000. Walipogawa kwa miezi 12 ikaja Sh26,000 kwa mwezi. Walirudia hesabu wakidhani wamekosea, kwa sababu mtu yule mwezi wa Juni alikuwa na deni la unga. Wakatazama tena wakaona kwamba Sh236,000, yaani robo tatu ya mapato ya mwaka, ziliingia kati ya Novemba na Machi. Msichana mmoja akasema, "Kumbe mshahara anao, ila umekuja wote kwa pamoja." Mwalimu aliandika maneno yake ubaoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza jambo hilo kwa nusu saa, na mtoto wa miaka 14 amelimaliza.

Ndipo nikawauliza kuhusu fungu la chombo. Kila mtoto wa hapa analijua. Mashua ikirudi, hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na posho. Kinachobaki, fungu la chombo linatengwa, na ndipo nahodha na mabaharia wanagawana. Hakuna baharia anayelalamika kwamba chombo kinalipwa na chenyewe hakili. Wanajua mbao zinaoza, kalafati ya kuzibia nyufa inatoka, mashine inachakaa, na chombo kisipotengewa fungu, mwaka wa tatu hakuna cha kutokea baharini. Na fungu hilo halina kiasi kilichowekwa: siku ya samaki wengi ni kubwa, siku ya samaki wachache ni dogo, siku mashua haikutoka hakuna. Nikawaambia mwili wa baharia nao ni chombo. Unaoza na kuchakaa kama mbao, lakini kwenye mgao haujawahi kuitwa. Basi na wenyewe utengewe fungu lake, papo hapo kwenye mizani, kabla pesa hazijafika nyumbani.

Tulijaribu asilimia 5 ya kila mauzo. Kwa yule wa Sh312,000 ilikuwa Sh15,600 kwa mwaka, nyingi zikitoka miezi ya kaskazi na karibu bure kusi. Hakuna siku hata moja ambayo ingemlaza na njaa. Hilo watoto waliliona wenyewe kwa kupitia mstari mmoja mmoja.

Baadaye mwalimu alifanya hesabu ya pili, na naomba niieleze kwa urefu maana ndiyo iliyowashika. Mtu akiweka Sh20 kila siku, kwa mwaka ni Sh7,300. Akianza akiwa na miaka 20 mpaka 60, atakuwa ameweka kwa mkono wake Sh292,000. Lakini pesa hizo zikiwekezwa na zikapata faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na faida yenyewe ikabaki humo ikizaa nyingine, mwisho zinafika takriban Sh1.89 milioni. Mwenziwe akianza na miaka 40, akaweka Sh20 zile zile kwa faida ile ile, akifika 60 ana Sh334,000 hivi. Amechelewa nusu ya safari na hakupata hata moja ya tano ya pesa. Mwalimu alilichora ubaoni: mstari unaopanda polepole sana, kisha miaka ya mwisho unasimama kama mnazi. Darasa lilikuwa kimya. Hao ni watoto wa miaka 13 na 14, wana miaka yote mbele yao, na ndiyo maana somo hili mahali pake ni shuleni. Mtu wa miaka 50 ukimwonyesha mchoro ule unamtia simanzi tu.

Nilimwomba mwalimu asiishie hapo, kwa sababu kumpa mtoto Sh1.89 milioni ubaoni halafu kunyamaza ni kumdanganya. Kwanza, asilimia 8 ni mfano. Kuna miaka mifuko ya akiba ya uzeeni hupata zaidi, na kuna miaka hupata kidogo mno. Pili, bei hupanda. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 hivi kitu cha shilingi mia moja kinauzwa mia mbili. Kwa mwendo huo, Sh1.89 milioni za miaka 40 ijayo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa Sh184,000 hivi. Watoto walivunjika moyo, mmoja akauliza kama basi tunajisumbua bure. Hapo tukarudi kwenye fungu la chombo. Anayeweka Sh20 leo na akaendelea kuweka Sh20 hizo hizo miaka 40, bei zitamla. Anayetenga sehemu ya kila mauzo, bei ya kamba ikipanda fungu lake linapanda nalo. Kwa hiyo mimi nawaombea watoto wafundishwe asilimia, wasifundishwe kiasi. Mpango wa Mbao wa akiba ya uzeeni, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa ajili ya watu wa jua kali, uliwavuta watu kwa Sh20 kwa siku kupitia simu, na ule wa Haba Haba wa NSSF kwa Sh25. Ni milango mizuri ya kuingilia. Mtu akishaingia asisimame mlangoni.

Kisha mvulana mmoja akanyanyua mkono akauliza, "Mama, hiyo asilimia 8 si riba?"

Nashukuru aliuliza. Kwa Waislamu riba ni haramu, na katika visiwa hivi swali hilo likiachwa bila jibu, mzazi anafunga mlango na somo zima linakwisha. Mtungaji wa vitabu aliye Nairobi huenda asilione, lakini kwetu ni swali la kwanza. Nilimjibu kwamba ana haki ya kuuliza, kwamba pesa za akiba zinaweza kufanyishwa biashara ya halali na faida ikagawanywa, na kwamba tangu mwaka 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia. Nikampa mfano wa Malaysia. Huko, miaka ya nyuma, wakulima waliokuwa wakitamani kuhiji waliuza mashamba na mifugo yao, wakarudi mahujaji na mafukara. Mwaka 1963 kikaundwa chombo kinachoitwa Tabung Haji. Watu wanaweka humo kidogo kidogo, pesa zinawekezwa katika biashara bila riba, faida inagawiwa wenye akiba, na mtu anapofika zamu yake anakwenda Hijja na shamba lake lipo. Mpaka leo kinafanya kazi. Sioni kwa nini mbinu iliyompeleka mkulima Makka isiweze kumlisha mvuvi akiwa mzee.

Ombi langu hapa ni kwamba mwalimu wa madrasa akae darasani siku hiyo pamoja na mwalimu wa hesabu. Watoto hawa wamefundishwa zaka, wanajua asilimia mbili na nusu ya mali iliyofika kiwango na kutimiza mwaka. Hesabu ya asilimia waliifanya kwa maalimu kabla hawajaifanya shuleni.

Hesabu nyingine ipo mlangoni kwetu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa sababu ya bandari mpya. Mivutano ya malipo ilichukua miaka na sitaki kuingia humo. Lakini chukua bilioni zile ugawe kwa watu wale, kila mmoja ni kama Sh382,000. Mwenye familia anayetumia Sh500 kwa siku atazimaliza kwa siku 764, yaani miaka miwili na mwezi mmoja hivi. Sehemu yake ikiwekezwa, kwa mfano wetu wa asilimia 8, inakuwa maradufu takriban kila miaka 9. Watu wa Kililana, eneo la bandari hiyo, nao walilipwa fidia ya mashamba. Mtu ambaye hajawahi kushika laki moja kwa mpigo anakabidhiwa laki kadhaa, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kukaa naye akamwonyesha hesabu ya kurasa mbili. Kisha tunamsema. Kwa mradi mkubwa namna ile, nilitarajia kila senti ya fidia itanguliwe na mafunzo, na bado nadhani ilipaswa iwe hivyo.

Wanawake wa huku wana mchezo, yaani kuchangishana pesa kwa zamu, na wana dhahabu. Vyote viwili nimeviishi na sivibezi. Bangili ya mama yangu ndiyo iliyomlipia hospitali ya Mombasa. Ila mchezo unakwisha kila zamu inapozunguka, na dhahabu inauzwa siku ya shida kwa bei ya anayenunua. Ni akiba ya dharura. Mtoto aelezwe hivyo ili ajue inaishia wapi.

La simu ndilo linalonikera zaidi. Kijana akitimiza miaka 18 anachukua kitambulisho, anasajili laini, na huduma ya kwanza ya pesa inayomkaribisha ni mkopo. Ya pili ni kamari. Kuna vijana wanaokuja kwangu kutia sahihi na pesa ya kilo tatu za pweza tayari inadaiwa na simu kabla hawajatoka bandani. Ndani ya mikopo hiyo hiyo kuna jambo wasilolijua. Hazina ya Hustler, mfuko wa serikali wa mikopo ya simu uliozinduliwa Novemba 2022, huweka akiba asilimia 5 ya kila mkopo: katika Sh1,000, Sh50 zinawekwa pembeni, Sh35 kwa ajili ya uzeeni na Sh15 za muda mfupi. Niliwauliza vijana bandarini, wengi walidhani zile Sh50 ni ada imekatwa. Yaani mtu ana akiba ya uzee kwa jina lake na hajui kuwa ni yake. Hili ni somo la dakika kumi, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanapaswa kulipata kabla ya kuchukua kitambulisho.

Na wafundishwe kuandika mrithi. Bahari huchukua watu, sisi tunalijua. Mvuvi akizama, nambari ya siri ya simu yake inazama naye, na mjane hajui kama kulikuwa na akiba wala wapi. Pesa za namna hiyo zikikaa miaka bila mwenyewe hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali Isiyodaiwa (UFAA), na familia inaweza kuzidai, lakini lazima kwanza ijue zipo. Kwa Waislamu mirathi iko wazi na Kadhi yupo, ila Kadhi hawezi kugawa pesa ambazo hakuna anayejua ziliko. Kwa zoezi la nyumbani ningewatuma watoto wamuulize baba na mama: je, kuna akiba yoyote, na jina la nani limeandikwa? Mwanangu alipouliza, mimi na mume wangu tulikaa tukaandika usiku ule ule.

Naiomba Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), inapotayarisha vitabu, iweke mvuvi, mkulima wa bixa wa Mpeketoni, mama wa mahamri na fundi wa jahazi mahali alipo mfanyakazi wa Sh40,000, au angalau kando yake. Naiomba Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni (RBA), ambayo kazi yake ni kusimamia mifuko hii, ilete maafisa mpaka visiwani na maandishi ya Kiswahili, wasiishie Mokowe, upande wa bara. Na naiomba serikali ya kaunti ikumbuke kwamba vyuo vya ufundi viko chini yake. Vijana wanaojifunza useremala, ushonaji na ufundi wa mashine humo wana vitambulisho na wanakaribia kuanza kupata pesa zao za kwanza. Kaunti haina haja ya kungoja Nairobi ili kuwafundisha hao.

Kwa upande wetu, katika kikundi cha usimamizi wa ufuo tumekubaliana kwamba kaskazi hii inayokuja daftari la mizani litakuwa na safu moja zaidi, baada ya mafuta, barafu na fungu la chombo. Atakayependa atatengewa asilimia 5 yake na kupelekewa kwenye mfuko aliouchagua mwenyewe, na risiti itabandikwa ukurasani. Asiyependa safu yake itabaki tupu. Tuna majina ya vijana tisa wa kuanzia, sita kati yao ni wapiga mbizi.

Mwalimu yeyote wa Lamu Mashariki au Magharibi anayetaka kurasa za daftari la zamani kwa ajili ya darasa lake, nitampa nakala, majina yakiwa yamefunikwa. Aje bandani asubuhi. Mashua zikianza kurudi sitakuwa na nafasi ya kuzungumza.

Karani wa mizani na mzazi,
Kizingitini, Lamu Mashariki